Jina linalokuja ukituma hela: kisa cha dada wa mapazia na laini yake ya biashara

Waulize wafanyabiashara wa Kariakoo kwanini wanatumia mtandao wanaotumia. Majibu ni yale yale. Huyu atakwambia bando lao liko vizuri. Yule atasema ndo laini yake ya kwanza kununua, kaizoea. Mwingine atakwambia mke wake yuko huko, kwahiyo kupigiana ni bei chee. Na wa mwisho atacheka tu, maana hajawahi kujiuliza.

Ila ni nadra sana kumkuta anayesema: "Nilikaa chini nikapiga hesabu."

Na hapo ndo pa ajabu wadau. Mtu huyo huyo akitafuta fremu atazunguka wiki mbili. Atauliza kodi, atauliza maji, atauliza choo kiko wapi, atasimama nje ahesabu watu wanaopita. Lakini laini ya simu, ambayo kwa mfanyabiashara wa mtandaoni ndo fremu yenyewe, ndo droo ya hela, ndo kibao cha dukani, anainunua kwenye mwamvuli barabarani kwa dakika tano huku anakula mhogo.

Kuna dada mmoja anakaa Mbagala, anauza mapazia na mashuka. Hana duka. Mzigo anauchukua kwa wauzaji wa jumla Kariakoo, anapiga picha, anaweka stetasi WhatsApp, wateja wanachagua, wanatuma hela, anafunga mzigo na kuupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis unapanda basi. Wateja wake wengi wako mikoani: Kigoma, Katavi, Tabora, wengine Songea. Wakimpigia wanamwita "dada wa mapazia", na yeye kawaseve hivyo hivyo, "mama Kasulu shuka 6x6", "kaka Mpanda pazia nzito". Biashara kaianza mwaka 2016 na mtaji wa laki mbili, na hiyo laki mbili kapewa na mchumba wake.

Shika hapo kwenye mchumba.

Laini aliyoanza nayo kainunua mtaani, enzi zile unanunua laini na hujui imesajiliwa kwa jina la nani, we unapiga tu simu maisha yanaenda. Ikafika mwaka 2019 serikali ikasema sasa basi, kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Usajili ulianza Mei mwaka ule, na siku ya mwisho ikasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Wanaokumbuka wanakumbuka. Foleni za NIDA zilianza alfajiri, watu na vigoda vyao, watoto mgongoni, kitambulisho hakijatoka, hata namba yake haijatoka, na redioni wanahesabu siku.

Dada wa mapazia alikuwa kwenye kundi hilo. Kapiga picha, katoa alama za vidole, namba haijatoka. Kaenda mara tatu kaambiwa asubiri. Na laini ndo ina wateja wote. Ikifungwa, biashara imekufa.

Mchumba wake namba anayo. Kaka wa watu kamwonea huruma, kaenda naye kwa wakala, kaweka kidole, laini ikasajiliwa kwa jina la kaka. Wakacheka, wakanunua soda. Siku ile ulikuwa wema kabisa, na mtu asiuchafue kwa yaliyokuja baadaye. Bila kile kidole laini ingezimwa na wateja wangepotea.

Tatizo ni kwamba miezi michache baadaye namba ya NIDA ya dada ilitoka, na hakuna aliyekumbuka kurudi kwa wakala kubadilisha umiliki. Na wangekumbuka vipi? Laini iko kwenye simu yake, namba ya siri anaijua yeye, hela zinaingia. Kuna shida gani?

Shida moja ilikuwepo kila siku, wala hakuiona kama shida. Mteja akituma hela, kabla hajathibitisha, simu inamletea jina la mpokeaji. Na jina lililokuwa linakuja ni la kaka. Mteja mpya akiuliza, "Mbona jina la mwanaume?", dada anajibu, "Huyo ni mume wangu, tuma tu." Wakatuma. Wakazoea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikafika mahali wateja wa Kigoma wanajua hela ya mapazia inaenda kwa fulani, na jina la dada mwenyewe hakuna hata mmoja anayelijua.

Mwaka 2023 mapenzi yakaisha. Yaliishaje si mada ya leo, na kila upande una hadithi yake. Kwa ufupi dada aliondoka na mabegi mawili na simu yake. Kaka alikaa wiki tatu kimya. Wiki ya nne, ijumaa moja mchana, kaka kaenda kwa wakala kasema laini yake imepotea, katoa namba ya NIDA, kaweka kidole, kapewa laini mpya yenye namba ile ile.

Dada alikuwa stendi anabishana na kondakta bei ya mzigo. Netiweki ikapotea. Kazima simu kawasha. Kahama upande wa pili wa stendi. Kadhani ni mtandao unasumbua kama kawaida yake. Jioni akiwa nyumbani, WhatsApp nayo ikamtoa, ikamwambia namba yake inatumika kwenye simu nyingine. Hapo ndo miguu ikaisha nguvu.

Kwenye laini kulikuwa na shilingi 1,430,000. Na usidhani ni zake zote. Shilingi 870,000 zilikuwa za wateja, watu waliolipia mapazia ambayo bado hajayanunua. Mama mmoja kalipia ya ukumbi wa harusi ya binti yake, harusi wiki mbili mbele.

Jumamosi asubuhi na mapema yuko kwenye duka la huduma la mtandao wake. Binti wa kaunta kamsikiliza vizuri, kaingiza namba kwenye kompyuta, kaangalia, kamuuliza jina lake. Kalitaja. Binti kamwambia kwa upole: "Dada, mwenye laini si wewe."

Kalia, kaonyesha meseji za zamani kwenye simu, kaonyesha stakabadhi za mabasi zenye ile namba, kaonyesha vibandiko alivyochapisha vya kuweka kwenye vifurushi. Binti anamwonea huruma ila hana la kufanya. Na ukitulia, yule binti yuko sahihi. Sheria hiyo hiyo inayomnyima dada laini ndo inayomlinda mama yako kijijini, asije tapeli akalia machozi kwenye kaunta akapewa laini ya mama yako. Mtandao haujui mapenzi yenu, haujui nani kaamka saa kumi alfajiri kufunga mzigo. Unajua kidole tu.

Kuna shoga yake mmoja kamshauri ahamie mtandao mwingine na namba yake ile ile. Kasikia inawezekana. Ni kweli inawezekana, Tanzania tuna huduma hiyo tangu Machi 2017, unahama na namba yako toka kampuni moja kwenda nyingine. Ila ukihama unabadilisha kampuni, hubadilishi mwenye namba. Anayeweza kuihamisha ni yule yule ambaye kidole chake kiko kwenye usajili. Na hata ukiwa mmiliki halali, kabla hujahama toa kwanza hela iliyoko kwenye simu na maliza salio, maana hivyo havihami na namba. Na kama umekopa salio, lipa deni kwanza.

Kilichookoa jahazi ni mama yake yule kaka. Dada kamfuata Kigogo, kamwamkia, kakaa chini kwenye mkeka, kaeleza. Yule mama hakupiga kelele. Kamwita mwanae mbele yake, kamuuliza swali moja: "Hela ya harusi ya mtoto wa watu nayo ni ya kwako?"

Kaka katoa ile 870,000 ya wateja pale pale. Zile 560,000 zilizobaki kakataa. Kasema yeye ndo alitoa mtaji 2016, na ndo kahangaika na usajili 2020, basi hiyo ni haki yake. Wapo watakaomlaani na wapo watakaosema ana hoja. Laki mbili alitoa kweli. Lakini hakuna mahali popote walipoandika kama ilikuwa zawadi, mkopo au ubia, na miaka saba baadaye kila mtu anakumbuka anavyotaka yeye.

Na laini? Kakataa kwenda kubadilisha umiliki. Kasema, "Laini ni ya kwangu, ina jina langu." Kisha hakuitumia hata. Kaizima.

Sasa dada ana hela za watu mkononi, ana mzigo wa kununua, hana namba. Ikabidi achague laini upya kabisa. Na safari hii, kwa mara ya kwanza, kakaa chini akapiga hesabu. Hapa ndo pa kusoma taratibu kama na wewe unafanya biashara.

Cha kwanza, kashika kaunta buku lake la oda. Bahati nzuri alikuwa na tabia ya kuandika namba za wateja kwa kalamu, maana angetegemea simu peke yake zingekuwa zimeondoka na WhatsApp. Kapata wateja 186. Kaanza kuwapanga kwa namba za mwanzo. 074, 075 na 076 ni Vodacom. 068, 069 na 078 ni Airtel. 065, 067 na 071 ni Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. 062 ni Halotel. 073 ni TTCL. Haipatii kwa asilimia mia, kwa sababu ya hao waliohama na namba zao, ila inakupa picha.

Mtandao mmoja ulikuwa na wateja 81, wa pili 47, wa tatu 38, wengine 20. Ungekuwa wewe ungechagua nani? Ule wa 81, si ndiyo? Na yeye karibu achague huo.

Halafu kafanya hesabu ya pili, na hii ndo iliyombadilisha mawazo. Badala ya kuhesabu vichwa kahesabu hela. Kajumlisha kila mteja kanunua shilingi ngapi kwa miezi mitatu. Wale 81 wengi ni watu wa Dar wa pazia moja moja, tena wengine wanalipa mkononi mzigo ukifika. Wale 38 ndo wanaonunua jumla wakauze madukani kwao Kasulu, Kibondo na Mpanda. Karibu nusu ya hela yote ilikuwa inatoka kwa hao 38. Mteja wa pazia moja akiona usumbufu kutuma mtandao mwingine, umepoteza pazia moja. Wa jumla akiona usumbufu, umepoteza robo.

Mtu atauliza, si siku hizi hela inatumwa toka mtandao wowote kwenda wowote? Ni kweli. Mitandao ilianza kuunganisha huduma za pesa 2014, na kufikia 2016 mikubwa ilikuwa imeingia. Lakini kutumika si sawa na kutumika kirahisi. Makato hayafanani. Na kijijini swali kubwa ni la wakala. Mteja wa Kibondo anaweka kwanza hela yake ya mkononi kwa wakala ndo aitume. Kama wakala wa jirani hana floti ya mtandao wako, mteja anaahirisha mpaka kesho, na kesho watoto wanaumwa, hela imeshaliwa.

Kwahiyo cha pili kawapigia wateja wake wakubwa watano, kawauliza swali moja tu: "Wakala wa karibu yako, mtandao gani hakosi floti?" Wanne kati ya watano wakataja mtandao mmoja. Hakuna tangazo la redioni linaloweza kukupa jibu hilo.

Cha tatu, kapima netiweki pale anapofanyia kazi. Mtu anapima nyumbani kitandani saa nne usiku, anasema mtandao uko vizuri. Kumbe kazi anafanyia kwenye stoo ya Kariakoo ghorofa ya chini ya ardhi, marobota kila upande. Dada kaazima simu za mashoga zake zenye laini tofauti, kashuka nazo stoo, kajaribu kupiga, kajaribu kutuma picha. Ule mtandao wa watu 81 ulikuwa haushiki kabisa kule chini. Ule wa 38 ulishika kwa shida, ila muamala ulipita.

Cha nne, makato. Kila wakala ana karatasi ya makato ukutani, na hakuna anayeisoma. Dada kaisoma. Kagundua kwamba miaka yote alikuwa anatoa hela kwa wakala, anakatwa, anatembea na noti kwenye pochi Kariakoo roho mkononi, anampa muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla ana lipa namba imebandikwa ukutani kubwa kama picha ya arusi. Angelipa humo humo kwenye simu asingehitaji kutoa. Kwahiyo swali lake likabadilika. Likaacha kuwa "mtandao gani kutoa ni rahisi", likawa "hela yangu ikishaingia inaenda wapi?" Kama inaenda kwa muuzaji, angalia makato ya kulipa. Kama inaenda benki, angalia ya kupeleka benki. Ya kutoa yanakuhusu kama kweli unatoa.

Cha tano, kachukua lipa namba ya kwake. Kaenda kwanza kusajili jina la biashara BRELA, kapata na TIN, akafungua. Mteja akilipa linakuja jina la biashara, halafu mauzo hayachanganyiki na hela ya shangazi aliyetuma ya sukari. Na siku hizi lipa namba nyingi zinapokea hela toka mitandao mingine mpaka benki, kwahiyo wale 81 nao hawakuachwa.

Cha sita, katenganisha simu. Laini ya hela iko kwenye kitochi cha batani, kinachokaa na chaji siku nne, hakina intaneti, hakitoki kwenye pochi ya ndani. WhatsApp iko kwenye simu kubwa na laini nyingine, na kaweka ile namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, kwamba hata mtu akiichukua namba hafungui akaunti kirahisi. Laini zote mbili kidole ni chake.

Utaona hapo juu neno bando halipo. Halikuwa la mwisho kwa umuhimu, ila liliingia baada ya hayo yote. Bando linabadilika kila baada ya miezi michache, leo wameongeza, kesho wamepunguza. Namba unakaa nayo miaka. Hata kampuni zenyewe zinabadilisha majina na wewe uko pale pale. Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, leo Yas. Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel. Kuna wazee wako na namba zao tangu enzi za Celtel mpaka leo.

Usiulize dada kachagua mtandao gani, maana jibu lake halikusaidii. Fundi magari wa Tabata ambaye wateja wake wote wako Dar na wanampigia simu mchana kutwa anahitaji dakika nyingi na netiweki ya gereji. Mama lishe wa Feri anahitaji lipa namba ambayo mteja mwenye haraka atalipa kabla ugali haujapoa. Dereva wa lori la Tunduma anahitaji mtandao unaoshika njiani, wala hajali Kariakoo kunashikaje. Maswali ni yale yale, majibu ni ya kila mtu na biashara yake.

Basi, dada kamaliza hesabu, kapata laini, kafurahi. Kaanza kuwatumia wateja meseji: hii ndo namba mpya, ile ya zamani msitume tena hela.

Unajua kilichotokea.

Nchi hii kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wateja wakaona namba ngeni, wanaambiwa wasitume kule walikozoea, watume huku, na wakijaribu jina linalokuja ni la mwanamke wasiyemjua. Wakamfungia. Mmoja kamtukana. Mmoja kamwambia, "Mwizi mkubwa wewe, dada wa mapazia mumewe namjua, jina lake ni lingine."

Hiyo ndo ilimuuma kuliko zile 560,000. Miaka saba ya kufunga mizigo kwa mikono yake, miaka saba ya kubembeleza makondakta, na jina walilojifunza kuliamini ni la mtu ambaye hajawahi kukunja hata shuka moja.

Akapiga simu mmoja mmoja, kwenye kaunta buku, toka ukurasa wa kwanza. Kasulu kuna mama mtu mzima, mteja wa tangu mwanzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi mama, wa mapazia, wa Dar."

"Wa mapazia namba yake ninayo."

"Ile imechukuliwa mama. Mwezi wa sita ulichukua pazia kumi na mbili za kijani, mbili zikawa fupi nikakuletea zingine. Basi likaharibika Nzega, ukalala hujapata mzigo."

Kimya kidogo. Kisha yule mama akasema: "Sauti ni yako. Sauti yako naijua mwanangu, jina ndo sijawahi kulijua. Unaitwa nani kwani?"

Dada akataja jina lake, yote mawili. Yule mama akalirudia polepole, kama mtu anayeandika. Nusu saa baadaye hela ya pazia ishirini ikaingia kwenye laini mpya.

Katika wale 38 walirudi 29. Katika wale 81 hakuna aliyehesabu. Wengine labda bado wanaipiga ile namba ya zamani na haipatikani. Na hilo nalo linamnyima usingizi, maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaifunga, na namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Siku moja mteja wa Songea atapiga kuulizia mapazia, na atapokea mtu asiyejua lolote. Au atapokea mjanja, aseme, "Ndiyo, tuma hela."

Sasa kuna wadau hapa wanasoma huku laini ya biashara ina kidole cha baba mdogo, cha rafiki wa chuo, cha bosi wa zamani, cha mwanaume ambaye leo anakupenda sana. Mnapendana, sawa. Nendeni wote wawili duka la huduma na namba zenu za NIDA, mbadilishe umiliki wakati bado mnacheka, mkitoka mnunue soda. Ni foleni ya asubuhi moja. Mkishanuniana, hakuna atakayekwenda na wewe.

Na wewe unayesema ya kwako uliisajili mwenyewe, una uhakika? Chukua simu, piga *106#, hakiki laini ina jina la nani. Ukishaona, ndo urudi hapa tubishane yule kaka alikuwa na haki ya zile 560,000 au hakuwa nayo.